Nyota Ubavuni

Nyuma ya picha, kwa wino uliogeuka rangi ya chai,
babu ameandika: 1942.
Hakuandika jina. Hakuandika wapi.
Mwaka tu, na mstari chini yake,
kama karani afungaye hesabu za siku.

Mbele: ndege ya mizigo, tumbo nene,
pua juu, mkia umekaa chini,
magurudumu mawili kwenye tope la Assam.
Mlango wa ubavuni uko wazi. Magunia.
Askari mgeni kakunja mikono, kofia imemziba jicho.
Na chini ya bawa, pale kivuli kinapoanza,
msichana kashika mkono wa mtoto
asiyetaka kutazama kamera.

Msichana ni Rupahi, dada yake baba.
Nyumbani ilijulikana hivi: kipindupindu kilimchukua
mvua za Julai, arobaini na mbili,
baba hajatimiza miaka miwili.
Ndiyo maana kila aliposema anamkumbuka,
kidole chenye kovu la mundu,
harufu ya moshi kwenye nywele,
shangazi wengine walicheka:
"Umesimuliwa, Tileshwar, ukadhani ni yako."
Akanyamaza, miaka themanini.

Nikaipeleka picha kwa Nogen Phukan,
aliyekaza skrubu za ndege Mohanbari hadi akastaafu.
Hakuuliza msichana ni nani.
Alichukua kioo cha kukuzia, akainama,
akaenda moja kwa moja kwenye nyota.

"Nyota ya Wamarekani," akasema.
"Ina mabawa mawili meupe, huku na huku.
Arobaini na mbili haikuwa nayo.
Yaliongezwa katikati ya mwaka uliofuata,
kwanza yakazungushiwa nyekundu, kisha buluu.
Nyekundu au buluu, usiniulize;
picha hii haijui rangi."

Nikamuuliza tena. Nikamuuliza mara ya tatu.
"Mama," akasema, akitafuta sukari,
"anayeandika nyuma ya picha hukosea.
Aliyepaka ndege alikuwa na amri mkononi."

Usiku nikaitazama peke yangu.
Nogen anajua mabati; mimi nimezaliwa ndani ya chai.
Nyuma ya mkia kuna safu za michai
iliyokatwa fupi, sawasawa kama meza,
matawi uchi.
Michai hatuikati wakati wa mvua.
Tunaikata baridi ikishika, Desemba, Januari,
ukungu wa Luit umelala hadi saa nne.
Na yule mtoto amevaa sweta.

Basi: Desemba ya arobaini na tatu, si kabla.
Labda mwaka mmoja mbele yake.
Hapo ushahidi unaniacha.

Nikahesabu kwa vidole, kama muuza duka.
Miezi kumi na saba, kwa uchache.
Miezi kumi na saba ya kuchota maji,
ya kugombana, ya kuchana nywele mlangoni,
ya kumvuta mkono mtoto wa miaka mitatu
aende akaone dude la chuma lililotua shambani.
Miaka mitatu. Umri ambao kitu
huweza kuingia kichwani na kubaki.

Kwa nini babu aliandika vile, sijui.
Huenda aliandika miaka mingi baadaye,
mkono ukachagua mwaka uliouma kidogo.
Huenda mwaka wa tatu ulikuwa na jambo
ambalo nyumba nzima ilikubaliana kulizika.
Nyota haisemi.

Asubuhi nimemwekea baba picha karibu na kikombe.
Nikamweleza nyota, mabawa yake, michai.
Alisikiliza kama mtu anayesomewa bei ya mafuta ya taa.
Kisha akaweka kidole, si juu ya ndege.

"Kovu halionekani," akasema.
"Nimelifunika kwa mkono wangu."